Picha za mandhari Unguja na Pemba: anza na kilicho karibu na miguu yako

Ukitafuta mafunzo ya picha za mandhari kwenye intaneti utakutana na milima tu, mlima una theluji, ziwa mbele, msitu pembeni, alafu unaambiwa mlima uweke hapa na ziwa pale. Sasa sisi huku Unguja mlima wenyewe uko wapi, Masingini ndo juu kabisa na haifiki hata mita 150, ukisimama Paje ukaangalia mbele unaona mchanga, maji, mbingu, basi. Ndo mana picha nyingi za huku zinafanana, buluu juu, buluu chini, mstari katikati, na aliepiga anashangaa mbona pale palikuwa pazuri kuliko hivi. Palikuwa pazuri kweli. Ila wewe ulikuwa unageuza shingo, upepo unakupiga, jicho linaenda mbali na kurudi, na kamera inachukua kipande kimoja tu inakilaza bapa. Kwaiyo kwenye ardhi tambarare kama yetu kina cha picha lazima ukijenge mwenyewe, na unakijenga kwa vitu vilivyo karibu na miguu yako. Ukishalishika hilo mengine yote yanakuja.

Na haijalishi una simu au kamera kubwa, karibu yote ntakayosema hapa unaweza kuyafanya na simu ya kawaida. Kitu kimoja tu kabla hujaanza, futa lenzi. Pwani yetu ina mvuke wa chumvi, na simu inakaa mfukoni na mikono ina mafuta, kitambaa laini kikavu kinatosha, picha iliyofifia mara nyingi ni uchafu tu wa lenzi.

Maji kwanza

Wavuvi na akina mama wa mwani hawaendi pwani bila kujua maji, na wewe mpiga picha usiende bila kujua maji. Huku tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua kubwa (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) inaweza kukaribia mita 4, yani sehemu ile ile ya Jambiani alfajiri ni bahari mpaka ukutani na saa kadhaa baadae ni uwanja wa mchanga na madimbwi unatembea nusu saa hujafika kwenye mwamba. Hizo ni mandhari mbili tofauti kabisa na kila moja inataka picha yake.

Bamvua inakuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji yanakupwa sana majira ya saa nne asubuhi na yanajaa majira ya saa kumi jioni. Kila siku yanasogea mbele kama dakika 50 hivi. Kwaiyo ukipiga hesabu, ukitaka pwani ya mashariki iwe imekupwa wakati jua linachomoza, tafuta siku kama nne tano kabla ya mwezi mpevu au kabla ya mwezi kuandama, alafu hakikisha kwenye jedwali la maji, siku hizi zipo programu za simu za bure, au muulize mvuvi yeyote pwani atakwambia bila kuangalia chochote.

Kwanini nasisitiza hivi? Kwa sababu maji yakikupwa ndo unapewa vitu vya mbele vya picha yako. Yanaacha mawimbi madogo madogo ya mchanga, yanaacha madimbwi yanayobeba mbingu nzima ndani yake, ngalawa zinakaa zimeegemea upande na kamba ya nanga imelala mchangani, vijiti vya mwani vinatokeza vimepangwa safu. Ule ujenzi wa kina niliousema, pwani iliyokupwa inakupa matofali yote. Maji yakijaa unabaki na ukingo tu, hapo utafute jabali, mti, au chombo kinachoelea. Pale Michamvi Pingwe kuna lile jiwe lenye mkahawa juu yake, maji yakikupwa ni jiwe lililosimama mchangani, yakijaa ni kisiwa, watu wanapiga wakati wowote wanaofika lakini ukitaka lisimame peke yake, limezungukwa na maji, nenda maji yakiwa yamejaa kabisa. Tahadhari moja ya kweli, ukienda mbali kwenye kupwa angalia saa, maji yanaporudi hayaji mbele yako tu, yanapita kwenye mikondo yanakuzunguka nyuma, na kamera shingoni huwezi kuogelea.

Shuka chini, sogea karibu

Umefika pwani, maji yamekupwa, unafanya nini. Watu wengi wanatoa simu wanainyanyua usawa wa macho wanapiga. Kutoka usawa wa macho yale mawimbi ya mchanga yanaonekana bapa tu. Chuchumaa. Shusha kamera mpaka usawa wa goti, au chini zaidi mpaka karibu kugusa dimbwi, simu unaweza kuigeuza kichwa chini ili lenzi iwe karibu na maji. Hapo dimbwi dogo tu la hatua mbili linakuwa ziwa, na mawimbi ya mchanga yanaanza kutembea kutoka kwako kwenda kwenye upeo wa macho.

Simu nyingi zina lenzi ile pana, inayoandikwa 0.5 au 0.6. Hii watu wanaitumia vibaya, wanaitumia ili "vyote viingie". Lenzi pana inafanya cha karibu kiwe kikubwa sana na cha mbali kiwe kidogo sana, kwaiyo ukiitumia huna kitu cha karibu unapata picha tupu na ngalawa yako ya mbali imekuwa kama nzi. Ukiitumia lazima usogee, kitu chako cha mbele kiwe umbali wa mita moja, hata chini ya hapo. Jiwe lenye mwani, nanga, jani la mnazi lililoanguka, pua ya dau. Alafu nyuma yake acha nafasi, ndo kuna chombo kingine cha mbali kidogo, alafu ndo bahari na mbingu. Karibu, kati, mbali. Ukiwa navyo vitatu jicho linatembea ndani ya picha lenyewe bila kusukumwa.

Kinyume chake, chombo kikiwa mbali na huwezi kukisogelea, usipige kwa lenzi pana, tumia 2 au 3 kama simu yako ina lenzi ya kuvuta kweli. Forodhani jioni ndo mahali pa hivi, mashua zinapita, jua linashuka nyuma yake, ukivuta jua linakuwa kubwa na tanga linakuwa kubwa na vyote vinasogeleana. Ila ile zumu ya kuvuta kwa vidole mpaka 10 kwenye simu isiyo na lenzi hiyo inakata tu picha na kuipanua, bora upige kawaida ukate mwenyewe baadae.

Mstari wa bahari

Hapa ndo picha nyingi za pwani zinapoharibikia, na kutengeneza ni rahisi. Washa gridi. Kwenye iPhone iko ndani ya settings za kamera, kwenye Android nyingi iko kwenye settings za kamera yenyewe, inachora mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama. Kazi ya kwanza ya gridi ni mstari wa bahari ukae sawa. Bahari ikiinama hata kidogo mtu anahisi maji yanamwagika upande, na huku kwetu bahari iko karibu kila picha kwaiyo hakuna pa kuficha.

Kazi ya pili ni kuamua mstari ukae wapi. Ile kanuni ya theluthi inasema uweke kwenye mstari wa juu au wa chini wa gridi, na ni mwanzo mzuri, lakini mimi naona jiulize kwanza nini kimekuleta hapa. Mbingu ya masika yenye mawingu mazito meusi yanakuja kutoka baharini? Shusha bahari chini kabisa, ipe robo tu hata chini ya robo, mbingu ichukue yote. Mbingu nyeupe haina kitu na chini kuna mchanga mzuri? Pandisha mstari juu mpaka karibu na ukingo. Katikati kabisa napaweka wakati mmoja tu, maji yametulia na yanaonyesha mbingu chini yake, asubuhi mapema kabla ya upepo, hapo nusu kwa nusu inakaa vizuri sana.

Alafu kuna jambo ambalo halisemwi sana, mstari wa bahari usipite kwenye shingo ya kitu. Mtu amesimama ufukweni na bahari inamkata kichwa, au tanga linakatwa katikati. Pandisha au shusha kamera kidogo tu, ukichuchumaa mtu anapanda juu ya mstari anasimama mbinguni peke yake, ukipanda kwenye jabali au ngazi mtu anazama chini ya mstari anabaki kwenye mchanga. Hatua moja ya kupanda au kushuka inabadilisha picha kuliko kifaa chochote unachoweza kununua.

Kamba za mwani

Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu mashamba ya mwani ndo mandhari yetu hasa, Paje, Bwejuu, Jambiani, Uroa, hayapo popote penye zile picha za milima. Vijiti vimechomekwa, kamba zimefungwa, mwani umening'inia, na yote yako kwenye safu, sasa safu zikiwa zinapita kushoto kwenda kulia mbele yako zinakuwa ukuta, jicho linagonga linarudi. Zizunguke. Tembea pembeni ya shamba mpaka ufike mahali kamba zinaanzia kwako zinaenda baharini, na bora zaidi zianzie kwenye kona ya fremu, kona ya chini kushoto mfano, ziende kwa mshazari mpaka kwenye kitu. Lazima kuwe na kitu huko mwisho, mama anaefunga mwani, ngalawa, hata wingu moja zuri. Mistari inayokupeleka mahali pasipo na kitu inaudhi.

Hivyo hivyo kwa kamba ya nanga, nyayo mchangani, gati la Mkokotoni na kisiwa cha Tumbatu ng'ambo, tafuta mahali mstari unapoanzia kwenye kona na unapoishia kwenye jambo.

Na wale akina mama wako kazini. Toa salamu kwanza, mkubwa mwambie shikamoo, ongea nae, sema unapiga picha za pwani na muulize kama hana tatizo akiwemo. Wengi hawapendi na wana haki yao, akikwambia hapana basi ni hapana, geuza kamera upande mwingine. Akikubali mwonyeshe picha baadae. Kwa picha ya mandhari humhitaji karibu hata, umbo lake likiwa dogo kwa mbali ndo linamwonyesha mtazamaji pwani ilivyo kubwa, na uso hauonekani. Usikanyage kamba zake wala usimhamishie vijiti ili fremu ikae vizuri. Na viti vya pwani, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, viache kwenye maji, kuna watu wanavitoa wanavipanga mchangani kwa ajili ya picha, vinakufa.

Kingo

Kabla ya kubonyeza zungusha jicho kwenye kingo zote nne za fremu, polepole. Chupa ya plastiki kona ya chini. Waya wa umeme juu. Nusu ya pikipiki. Jani la mnazi linachungulia bila mzizi wala shina. Kila kilichokatwa nusu ukingoni kinavuta jicho nje. Ama kiingize chote, ama kitoe chote. Ngalawa ikiwa ndani ihesabu na ndubi zake zote, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, watu wanaingiza mwili wa ngalawa wanakata ndubi moja na inaonekana imevunjika. Na chombo kinachotembea kiachie nafasi mbele yake kuliko nyuma, kina safari.

Ukitaka kufunga picha upande, tumia vitu vya pale pale vikufanyie fremu. Mikoko ya Michamvi Kae, ambako ndo moja ya sehemu chache za upande ule jua linazama majini kwa vile panaangalia ghuba ya Chwaka, ukiingia chini ya matawi unapata dirisha la kiza na jua ndani yake. Magofu ya Maruhubi, jumba lililoungua 1899, nguzo zimebaki na unaweza kusimama ukaona nguzo baada ya nguzo na miti kati. Kwa picha hizi gusa na shikilia kidole kwenye sehemu yenye mwanga, simu itafunga mwanga na fokasi, alafu ukivuta kidole chini picha inakuwa nyeusi zaidi kidogo, nguzo na matawi yanabaki kivuli safi na mbingu haiungui.

Mwanga wa kwetu

Huku karibu na ikweta jua halina subira, linashuka karibu wima. Nyoosha mkono, weka vidole vinne vilivyobanana kati ya jua na bahari, una kama nusu saa. Kwaiyo fremu yako iwe tayari kabla, uwe umeshachagua jiwe lako na urefu wako wa kamera, maana likishafika kwenye maji ni dakika mbili tatu limeondoka. Na likiondoka usifunge begi, dakika 15 zinazofuata rangi za juu mara nyingi ndo zinaiva.

Jua pia halizami sehemu moja mwaka mzima. Juni linazama kulia zaidi ukiangalia magharibi, Disemba kushoto zaidi, tofauti ya karibu digrii 47, kwaiyo picha ya jua likishuka nyuma ya kisiwa au mnara fulani inaweza kuwa ya miezi miwili tu ya mwaka. Ukiona mahali pazuri ila jua limekosea upande, andika, rudi msimu mwingine.

Sasa kuna ushauri mmoja wa ugenini ambao kwa hapa siukubali, ule wa kwamba mchana usipige. Rangi ile ya maji ya mashariki, ile kijani ya feruzi mpaka mwamba wa mbali wenye povu, inatoka jua likiwa juu, saa nne mpaka saa nane, kwa sababu mwanga unafika chini kwenye mchanga mweupe na kurudi. Alfajiri maji yale yale ni ya fedha. Kwaiyo mchana piga maji, na kama una miwani ya jua ya polaroidi iweke mbele ya lenzi uizungushe taratibu, mng'aro wa juu ya maji unapungua na chini panaonekana. Mchana ule ule usipige Mji Mkongwe wala msitu, vivuli vinakuwa vikali mno.

Pemba ni kinyume

Pemba tatizo linageuka. Vilima, mabonde, minazi, mikarafuu, migomba, vyote vya kijani na vyote vinataka kuingia, hapo kazi ni kupunguza. Lenzi pana iache. Panda ukingo wa kilima, tumia ile ya kuvuta, tafuta kitu kimoja kilichotofautiana na kijani, paa la bati, njia ya udongo mwekundu, mnazi mmoja uliozidi wenzake urefu, alafu tengeneza picha kukizunguka hicho. Asubuhi baada ya mvua ukungu unakaa mabondeni kwenye mpunga na vilima vinajitenga kimoja kimoja, hiki mbele cheusi, kile nyuma chepesi zaidi, kina unapewa bure ambacho Unguja unakitolea jasho. Ukungu hauchelewi kuondoka, uwe njiani alfajiri.

Msimu wa karafuu mikeka inaanikwa hadi pembeni ya barabara, na hapo cha karibu na miguu kinarudi tena, chuchumaa kwenye ukingo wa mkeka, uulize mwenyewe, hudhurungi ya karafuu ichukue nusu ya chini na kilima kiwe juu. Msitu wa Ngezi nenda siku ya mawingu, jua likipenya unapata madoa meupe kila mahali, na chagua mti mmoja tu wenye umbo, usijaribu kuonyesha msitu mzima. Ukishatoka msituni Ras Kigomasha, ile rasi ya kaskazini ya Pemba, inakupa pande mbili kwa siku moja, ufukwe wa Vumawimbi mashariki kwa jua la asubuhi na wa Verani magharibi kwa jioni, na kule mwisho mnara wa taa wa chuma wa 1900. Mnara ni mrefu na mwembamba, simamisha simu, usiibane kichwa chake kwenye ukingo wa juu, acha mbingu ya kutosha.

Mazoezi yanayosaidia kuliko yote, chagua mahali pamoja, usitoke nje ya hatua ishirini kwa nusu saa nzima, na usirudie fremu. Mara tano za kwanza utapiga zile zile za kila mtu. Baada ya hapo unalazimika kushuka, kugeuka nyuma, kuangalia dimbwi, kusimamisha simu, na hapo ndo picha zako zinaanza kutoka. Nyumbani nyoosha mstari wa bahari, kata kilichobaki ukingoni, rangi zisizidi mpaka maji yakawa ya kuchora. Na ukimtumia mtu kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na yale mawimbi madogo ya mchanga uliyoyapigia magoti yanapotea yote.